Zima Hilo Debe

Kadi ya sauti ndicho kitu cha mwisho ambacho kijana anayetaka kusikiliza muziki kwenye kompyuta anapaswa kukitolea pesa, na sabufa yenye taa za rangi ni kitu ambacho hapaswi kukitolea pesa kabisa. Naanza na hilo ili anayetaka kukasirika aanze mapema. Wenye sabufa watasema nina wivu. Wenye vikadi vya nje vya dola mia tatu watasema sina masikio. Makundi haya mawili hayapendani, lakini yote yamenunua namba badala ya sauti: moja limenunua wati, jingine limenunua biti.

Mimi si fundi. Nahamisha kaseti za zamani kwenda kwenye kompyuta, kazi ya jioni na ya siku za mapumziko, na kwa sababu hiyo ndugu na marafiki wanadhani najua vifaa vyote vyenye waya. Mwaka huu binamu yangu, anayemaliza chuo, aliniandikia: “Shikamoo kaka. Nina laki tatu na nusu. Ninunue kadi gani ya sauti?” Nikamjibu marahaba, spika unazo? Akasema anatumia zilizomo humo humo ndani ya kompyuta mpakato. Yaani vispika viwili vyenye ukubwa wa sarafu, vinavyotazama meza, na yeye anatafuta kadi ya kuvilisha. Ni kama mtu anayetafuta mchele wa Kyela wa daraja la kwanza na nyumbani hana sufuria.

Imani hii ya kadi haikutoka hewani. Zamani ilikuwa kweli. Kompyuta ya mezani ya miaka ya 1980 ilikuwa na kispika kimoja cha kupiga mlio wa onyo na basi. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster, kadi unayoipachika ndani ya mashine, na chombo cha kuandikia barua kikaweza kupiga muziki na kurekodi sauti. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, mwenye kadi alisikia na asiye na kadi hakusikia. Lakini mwaka 1997 Intel walitoa utaratibu ulioitwa AC'97, viwanda vikaanza kuweka sauti kwenye ubao mkuu wa kompyuta wenyewe, na mwaka 2004 ukafuata utaratibu bora zaidi. Leo ni shida kupata kompyuta mpakato dukani isiyo na kadi ya sauti tumboni. Ushauri wa mwaka 1995 bado unazunguka kama noti iliyokwisha futwa na benki ambayo watu wanaendelea kuchenjiana.

Tuangalie hizo biti zinazouzwa. Muziki wa kwenye sidi hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Sikio changa na zima husikia kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000, na vipimo hivyo vinatosha kubeba yote hayo. Biti 16 zinaacha nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Sasa chukua chumba cha kupanga Sinza, saa nne usiku, feni inazunguka, bodaboda zinapita, jirani anakaanga. Tuseme kelele ya chumba ni desibeli 35, na hapo nimekuwa mkarimu. Ili usikie nafasi yote ya biti 16 juu ya kelele hiyo, sauti kubwa ya wimbo wako lazima ifike desibeli 131, kiwango cha kuumiza masikio. Na huyo ndugu anatafuta biti 24. Za kusikilizia wapi?

Hili limepimwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society la Marekani matokeo ya majaribio yao: walichukua muziki uliorekodiwa kwa ubora mkubwa kuliko wa sidi, wakaupitisha kwenye kifaa kinachoushusha hadi kiwango cha sidi, kisha wakawataka wasikilizaji watambue upi ni upi bila kuambiwa. Katika majaribio 554, waliopatia walikuwa 276. Ungerusha sarafu ungepata hivyo hivyo.

Sisemi kadi zote ziko safi. Zipo kompyuta zinazochakarisha: ukisogeza kipanya unasikia mchakato wake kwenye hedifoni. Kwa ugonjwa huo tiba ni kikadi kidogo cha nje cha USB. Apple wanauza kebo fupi, iliyoanza kwa dola 9, inayogeuza tundu la USB-C kuwa tundu la hedifoni, na ndani ya hiyo kebo mna kadi ya sauti nzima ambayo waliopima kwa vyombo wameikuta safi kiasi kwamba sikio halina la kulalamikia. Kama mgumio unaingia unapochomeka chaja na unatoka ukiichomoa, hapo shida ni ya umeme, na huenda nyumba yako haina waya wa ardhi. Kadi ya dola mia tatu haitakuchimbia shimo la kuufukia.

Spika ni habari nyingine. Kwenye kadi, namba zinageuzwa kuwa umeme. Kwenye spika, umeme unapaswa kusukuma koni ya karatasi au plastiki, na koni isukume hewa. Hapo ndipo mambo huharibika. Kadi ya kawaida huikosea sauti kwa sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Spika nzuri tu, ukiifungua kwenye besi, inaweza kupita asilimia moja bila aibu. Kadi ya kawaida hupeleka sauti nzito, za kati na nyembamba zikiwa karibu sawa kabisa. Spika ambayo haizidishi wala kupunguza zaidi ya desibeli 3 huku na kule tunaiita spika nzuri. Kwa hiyo mwenye laki tatu na nusu, akiweka laki mbili kwenye kadi na laki na nusu kwenye spika, amelipa pesa nyingi kurekebisha kisichoharibika na pesa kidogo kwenye kinachoharibu.

Sasa sabufa.

Nenda Kariakoo, usome maboksi. Utakuta wati 12,000 PMPO. Kisha omba kukigeuza chombo chenyewe, utazame kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme: kinakula wati 60. Chombo kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kupiga wimbo kwa wati 12,000. Kingeweza, tungekiunga kwenye gridi ya taifa. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda hujikadiria kadiri boksi linavyoruhusu. Namba ya kuuliza ni RMS, na hata hiyo usiiogope wala kuiabudu, kwa sababu ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi.

Lakini uongo wa wati naweza kuusamehe. Kisichosameheka ni shimo. Sabufa ya bei rahisi ni sanduku moja la besi na vispika viwili au vitatu vyenye koni za inchi mbili. Koni ya inchi mbili haishuki vizuri hadi kwenye Hz 150. Sanduku la besi nalo limetengenezwa kutoa mpigo mmoja mnono, hivyo kila noti ya gitaa la besi inatoka kama ni ile ile. Katikati ya vispika na sanduku hapana mtu. Na katikati ndipo binadamu anapoimba. Msingi wa sauti ya mwanaume uko kama Hz 100, wa mwanamke kama Hz 200, unene na joto la sauti viko juu ya hapo kidogo, na maana ya maneno iko juu zaidi, kwenye Hz 2,000 na kuendelea, kwa sababu huko ndiko konsonanti zinakoishi. Kinachotenganisha “nimependa”, “nimetenda” na “nimekenda” ni kishindo kidogo cha hewa mdomoni, cha sehemu ndogo ya sekunde. Funika kishindo hicho kwa mtikisiko wa Hz 80, na mwimbaji amependa, ametenda, amekwenda, chagua mwenyewe.

Mdogo wangu aliwahi kupeleka sabufa nyumbani Tanga, taa zake zikicheza bluu na nyekundu, akaiunga na kompyuta na kuweka taarabu ili kumfurahisha mama. Mama yetu ni fundi cherehani. Amesikiliza taarabu miaka arobaini kwenye redio ya spika moja iliyokaa dirishani karibu na cherehani, na anajua nani alimjibu nani na kwa nini. Alisikiliza dakika moja, mkono ukiwa bado juu ya gurudumu.

“Zima hilo debe. Nataka kusikia anasema nini.”

“Mama, hii ndiyo sauti ya kisasa.”

“Sauti ya kisasa haina maneno?”

Hakuna mhandisi aliyewahi kuniwekea jambo hili wazi kuliko hivyo. Redio yake haina besi ya kutikisa kitu, lakini katikati imejaa. Na taarabu ni mchezo wa maneno. Fumbo halifumbuliwi kwa kifua, linafumbuliwa kwa neno moja lililochaguliwa badala ya jingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti iliingia kwenye njia moja tu, bila kushoto wala kulia, na besi ya leo haikuwamo. Watu wa Unguja hawakuhitaji zaidi. Wimbo wake wa “Kijiti” unasimulia mauaji ya mwanamke na kesi iliyokwenda kombo. Ulikuwa gazeti na ulikuwa lalamiko. Upigie wimbo kama huo kwenye debe lenye taa na utabaki na kitu cha kutingisha kichwa.

Najua kuna atakayeniambia kwamba muziki wetu wa sasa umetengenezwa kwa ajili ya besi, na kwamba singeli bila mtikisiko si singeli. Nakubali kabisa kuhusu uwanjani. Barabarani Manzese, na spika zilizopangwa kama ukuta, besi inaingia mwilini na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini wewe humwiti mtu kigodoro chumbani kwako. Uko mita moja na nusu kutoka kwenye kompyuta, kati ya kitanda na ndoo ya maji, na sauti nzito hupenya ukuta kuliko nyembamba. Unachokipata wewe ni nusu ya wimbo. Anachokipata jirani ni ile nusu nyingine isiyo na maneno, saa sita usiku. Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. Watayarishaji wetu wengi wachanga wanachanganya nyimbo zao kwenye vyombo hivi hivi. Mtu akichanganya kwenye spika yenye shimo katikati, analiziba shimo hilo kwa kupaka sauti ya muimbaji marashi, mwangwi juu ya mwangwi, hadi isikike ikielea juu ya mtikisiko. Inasikika. Ukiuliza alichosema, hata mashabiki wanabishana.

Kwa nini tunanunua basi? Kwa sababu tunasikiliza kwa macho, na hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwaita wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo hiyo, watu wanaoishi kwa spika, wakawapa spika za kulinganisha. Mara moja waliziona, mara nyingine zilifichwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, maksi zilikimbilia kwenye zile kubwa za kupendeza. Kama wao waliongozwa na macho, wewe na mimi mbele ya taa za bluu tuna kinga gani?

Nipe nafasi ya kuitaja spika mbaya moja, maana nina huba nayo. Yamaha walitoa NS-10 mwaka 1978 iwe spika ya nyumbani. Watu wa nyumbani hawakuipenda: besi haba, sauti ya kati imejitokeza mbele kama shangazi kwenye kikao cha harusi. Ikaenda studio. Wachanganya sauti waligundua kwamba kwa sababu ya ukali huo wa katikati, hakuna kosa kwenye sauti ya muimbaji lililojificha, na koni zake nyeupe zikatawala meza za studio duniani hadi Yamaha walipoacha kuitengeneza mwaka 2001. Sisemi uitafute, itakuchosha masikio. Nasema nyimbo nyingi unazozisifia kwa “sauti kubwa” zilipimwa kwenye sanduku ambalo muuzaji wa Kariakoo angelificha chini ya kaunta.

Kwa hiyo binamu yangu nilimwambia hivi. Kadi usinunue. Tafuta spika mbili tu, zinazofanana, za sanduku la mbao, kila moja na koni ya inchi nne au tano na twita yake, zenye amplifaya ndani. Au nenda kwa wauza mitumba ya elektroniki utafute jozi ya zamani ya spika za sebuleni na amplifaya ya stirio. Gusa mpira unaozunguka koni, ukimomonyoka vidoleni acha. Nenda na nyimbo zako mwenyewe, na mmoja uwe ule ambao unajua kila neno lake. Muuzaji atataka kuanza na wimbo wake wa besi. Mwambie kwa adabu, “Bosi wangu, naomba nianze na huu.” Kama kuna sabufa kwenye seti, omba izimwe kwanza usikie kilichobaki. Ukilinganisha seti mbili, hakikisha ukubwa wa sauti ni mmoja, maana sikio hudhani chenye sauti kubwa ndicho kizuri, na muuzaji anajua mkono wake ulipo kwenye kile kitufe. Kisha fumba macho. Utaonekana mshamba, vumilia.

Ukifika nyumbani kuna kazi ambayo haina bei, na inabadilisha sauti kuliko kadi yoyote. Usiziweke spika sakafuni wala kuzisukumia kwenye kona. Kona inavimbisha besi na kukurudishia lile debe ulilolikimbia. Zipandishe kwa vitabu hadi twita zilingane na masikio. Wewe na spika mbili muunde pembetatu yenye pande sawa, zikikutazama. Chumba cha sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha sauti kama bafu, kwa hiyo pazia nzito, zulia, godoro lililoegemezwa ukutani, vyote vinasaidia. Trei za mayai hazisaidii kitu cha maana, ingawa zimebandikwa kwenye studio nyingi za mtaani kwa imani ile ile ya hirizi. Ukimaliza, weka wimbo uliouzoea na ukae katikati. Kama kila kitu kiko sawa, muimbaji atasimama mbele yako, kati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu.

Kadi ya sauti nimeitukana vya kutosha, sasa niipe haki yake. Inapostahili pesa ni pale sauti inapoingia kwenye kompyuta. Tundu moja la kompyuta mpakato limetengenezwa kwa maikrofoni ya hedifoni, njia moja, na ukilichomekea redio kaseti unapata sauti iliyobanwa, yenye mvumo. Mimi natumia kikadi cha nje cha matundu mawili ya kuingizia, kushoto na kulia, na kazi yake yote ni kaseti za mama: boksi la viatu, mara nyingine taarabu, mara nyingine dansi, nyingi zilirekodiwa kutoka redioni kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Utepe wa sumaku unachakaa hata ukikaa tu kabatini. Hapa biti 24 zina faida, kwa sababu unaweza kurekodi kwa sauti ya chini bila hofu ya kupasua, ukaja kuipandisha baadaye.

Ya kumi na moja nimeimaliza majuzi. Upande wa pili, baada ya wimbo kukatika, mtangazaji anasoma salamu za wasikilizaji, majina matupu, moja baada ya jingine, na vijiji vyao. Mwanzoni mvumo ulikuwa mkubwa. Nilisogeza kichwa cha redio kaseti kwa bisibisi, nywele moja tu, na zile s na f na t zikarudi. Nikampigia mama simu, nikamsogezea spika. Alinyamaza hadi mwisho wa orodha, kisha akaniambia nirudishe nyuma. Majina mawili anayafahamu, na mmoja wao alikuwa akishonewa nguo na bibi.